Mke, Mume na Mpaka

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 12:10-20, 20:11-13, Kutoka 2:15-22, Kumbukumbu la Torati 10:17-19, 21:10-14, Ruthu 4:1-12, Malaki 2:13-16, Waefeso 5:25-29.

Mara ya kwanza Biblia inapotuonyesha familia ikivuka mpaka kwa sababu ya njaa, jambo linalozungumzwa njiani ni ndoa. Abramu alipokaribia Misri alimwomba Sarai ajitambulishe kuwa ni dada yake, ili mambo yamwendee vema na uhai wake usalimike (Mwa. 12:11-13). Hakuwa mtu asiyemcha Mungu. Alikuwa ametoka Harani kwa imani, na alikuwa amekwisha kumjengea Bwana madhabahu katika nchi ya Kanaani. Lakini alipofika mbele ya wenye mamlaka ya kumpokea au kumkataa, alipiga hesabu. Kuwa mume wa mwanamke huyu ni hatari. Kuwa kaka yake ni faida. Akachagua faida.

Na hesabu yake ilikubali. Fungu la 16 linataja kondoo, ng'ombe, punda, ngamia na watumwa aliopewa kwa ajili ya Sarai. Tena maneno yake hayakuwa uongo mtupu, maana baadaye alijitetea mbele ya Abimeleki kwamba Sara ni binti wa baba yake, ingawa si wa mama yake (Mwa. 20:12). Waliowahi kujaza fomu za serikali watalitambua jambo hilo: jibu ambalo kila neno lake laweza kutetewa, lakini limeandikwa ili msomaji aamini kitu kisicho kweli.

Soma tena Mwanzo 12:14-20. Katika kisa hiki, nani alipata faida, na nani alilipa?

Aliyelipa ni Sarai. Yeye ndiye aliyechukuliwa nyumbani mwa Farao. Nyumba ya Farao nayo ikapigwa kwa mapigo, ingawa Farao hakuwa ameambiwa ukweli. Biblia haituandikii hata neno moja alilolisema Sarai katika safari ile, na kimya hicho kinastahili dakika chache za darasa kabla hatujaendelea.

Ndugu zetu wa Moshi hawahitaji kwenda Misri ili kuuona mpaka. Kutoka mtaa wa Soweto unapanda gari, unapita Himo, na muda si mrefu uko Holili. Ng'ambo yake ni Taveta, nchini Kenya. Juu zaidi, Tarakea ya Rombo inatazamana na Loitokitok. Watu wa pande hizo waliuziana mazao na kuoana kabla Waingereza na Wajerumani hawajagawana nchi hizi mwaka 1886. Upande mwingine kuna uwanja wa ndege wa KIA, na mlima unaoleta wageni kutoka kila bara. Wapo vijana walioanza kwa kuwaongoza wageni hao kupitia Machame au Marangu, na leo wana wake na watoto Ulaya au Marekani. Ndoa za namna hii si ngeni makanisani mwetu, na kila moja huleta nyumbani mgeni wa tatu, yaani faili la uhamiaji.

Tuchukue mfano. Dada wa Taveta anaolewa na kaka wa Soweto. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wakati wowote mume wake angali hai. Sasa geuza mfano huo. Kaka wa Taveta anamwoa dada wa Soweto, nao wanapanga kuishi Soweto. Sheria hiyohiyo haina kifungu kama hicho kwa ajili ya mume. Yeye ataomba kama mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7, pamoja na masharti mengine kama vile lugha na tabia njema. Kama wangejenga nyumba yao Taveta, mambo yangekuwa tofauti tena, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu yeyote aliyekaa katika ndoa na raia kwa miaka 7, awe mume au mke, kuomba kuandikishwa kuwa raia. Viapo ni vilevile, mchungaji anaweza kuwa yuleyule. Kilichobadilika ni nani kati yao ni mwanamke, na nyumba iko upande gani wa Holili.

Mtu aliyekulia Kilimanjaro huenda asishangae. Kwa desturi kihamba humwendea mtoto wa kiume, na mke huja kukaa kihambani kwa mumewe. Sheria ya uraia inafikiri vivyo hivyo: mke huingia kwa mume, mume haingii kwa mke. Lakini Biblia inamjua vizuri mume aliyeingia kwa mke. Musa alikimbilia Midiani, akapokewa na Reueli, akapewa Sipora, akachunga kundi la baba mkwe wake. Alikuwa na mke, kazi, wakwe na mtoto, na bado mtoto huyo alimwita Gershomu, akisema yeye mwenyewe ni mgeni katika nchi isiyo yake (Kut. 2:22). Akina baba wanaoishi ugenini kwa nguvu ya vibali vya wake zao wanalijua jina hilo bila kufundishwa.

Watoto wa ndoa za leo wana nafuu, angalau hapa kwetu, maana mtoto hupata uraia wa Tanzania kwa baba au kwa mama, ingawa mwenye uraia wa nchi nyingine pia hulazimika kuchagua afikapo miaka 18. Haikuwa hivyo kila mahali. Nchini Botswana mwanasheria Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, aligundua kwamba mtoto wake aliyezaliwa kabla ya ndoa ni raia, lakini wale waliozaliwa ndani ya ndoa si raia, kwa sababu walihesabiwa kumfuata baba. Kama asingefunga ndoa, watoto wake wote wangekuwa raia. Alikwenda mahakamani, akashinda mwaka 1991, na Mahakama ya Rufaa ikathibitisha ushindi huo mwaka 1992. Tunamtaja kwa sababu alifanya jambo ambalo Abramu hakulifanya: alisema kweli juu ya ndoa yake, kisha akaishtaki sheria waziwazi.

Hapo ndipo vijana wetu huuliza swali lao, na ni swali la haki. Ikiwa sheria zenyewe zinabadilika hivi kwa kuvuka kizuizi tu, kuna dhambi gani kuzizunguka? Mtu anakubaliana na mwenye uraia wa nchi fulani, wanafunga ndoa ya makaratasi, kila mmoja anaishi maisha yake, kibali kinapatikana, wanaachana kwa amani. Hakuna aliyeibiwa. Serikali iliyoweka masharti magumu ina mali nyingi kuliko kijiji kizima kilichochanga nauli. Tusilijibu swali hili kwa kuwatisha. Ni kweli kwamba Marekani inaweza kumfunga mtu hadi miaka 5 na kumtoza faini ya hadi dola 250,000 kwa ndoa ya namna hiyo. Lakini anayeiepuka kwa kuogopa jela tu, siku moja atampata wakili atakayemwondolea hofu.

Soma Mathayo 5:33-37. Kiapo cha ndoa ni mali ya nani: ya wanandoa, ya serikali, au ya Mungu?

Sheria inaweza kuwa mbaya, na Mkristo anaruhusiwa kusema hivyo kwa sauti. Kiapo cha ndoa hakikutungwa na idara ya uhamiaji, kwa hiyo ubaya wa idara hauwezi kutupa ruhusa ya kukitumia kama ufunguo bandia. Kuna jambo jingine pia ambalo vijana hawalifikirii. Hapa Tanzania mchungaji hufungisha ndoa kwa leseni ya serikali, baada ya taarifa ya siku 21, na cheti anachokitia sahihi ndicho kitakachowekwa mezani kwa ofisa wa uhamiaji au ubalozi. Anayeomba kanisa limfungishie ndoa ya makaratasi anawaomba mchungaji, mashahidi wawili na kwaya nzima waseme uongo pamoja naye. Mashahidi wangeweza kukataa. Wengi hawaambiwi.

Lakini mwangalie Sarai tena. Mara nyingi nyuma ya ndoa ya makaratasi yuko mtu aliyeitwa dada. Kijana ana mke Moshi, pengine hata mtoto, na kwenye fomu anaandika kwamba hajaoa. Katika bahati nasibu ya viza za Marekani mwombaji anatakiwa kumwandika mwenzi wake tangu mwanzo, na aliyemwacha nje huondolewa. Wapo wanaomwacha nje wakidhani wamerahisisha mambo. Mwanamke aliyeombewa mbele ya kanisa, aliyeshikwa mkono na wazazi wa pande mbili, anafutwa kwa kalamu ya mtu aliyeapa kutomwacha. Akipiga simu usiku, inampasa azungumze kwa namna inavyomfaa dada kuzungumza. Hoja ya kwamba hakuna aliyeibiwa ingepaswa kusemwa mbele yake.

Hata hivyo tuwe na kiasi. Yako makutaniko ambako dada yeyote anayeolewa ng'ambo husemwa kwamba ameolewa na pasipoti. Maneno hayo yanauma, tena mara nyingi hayana ushahidi.

Soma Ruthu 3:1 na 4:1-12. Ndoa ilimpa Ruthu nini ambacho hakuwa nacho kabla?

Ruthu alikuwa Mmoabi, mjane, akiokota masazo shambani kwa haki ile ambayo torati iliwapa maskini na wageni (Law. 19:9, 10). Kwa ndoa yake na Boazi alipata nyumba, shamba, ukoo na mahali katika Israeli. Naomi hakuficha kwamba alimtafutia raha ili apate mema, na Biblia haioni haya kulisimulia. Kwa hiyo kupata kibali kwa njia ya ndoa si dhambi, wala kufurahia kibali hicho si dhambi. Tangu zamani ndoa imemfanya mgeni kuwa wa nyumbani. Tofauti iko katika namna Boazi alivyofanya. Alikaa langoni mchana kweupe, akaita wazee kumi, akamtanguliza jamaa aliye karibu zaidi, ingawa huyo angeweza kumchukua Ruthu. Yule jamaa alilitaka shamba mpaka aliposikia kwamba linakuja pamoja na mwanamke Mmoabi, ndipo akarudi nyuma asije akauharibu urithi wake (Rut. 4:4-6). Mmoja alitaka faida bila mtu. Mwingine alimtaka mtu, na faida na gharama zikaja pamoja naye. Iwapo kibali kingefutwa kesho asubuhi, je, agano lingebaki? Kila mwenye ndoa anaweza kujiuliza hivyo. Jirani yake hana vipimo vya kumjibia.

Tumezungumza juu ya anayeikana ndoa na anayeighushi. Ipo dhambi ya tatu ambayo ni nadra kuhubiriwa, na huenda ndiyo iliyo nyingi zaidi katika nyumba za waumini, kwa sababu hufanywa ndani ya ndoa halali kabisa.

Pasi ya mtegemezi, kama jina lake linavyosema, inasimama juu ya mtu mwingine. Mtu huyo akitetereka, nayo hutetereka. Marekani, mgeni anayepata ukaazi kwa ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 hupewa ukaazi wa masharti wa miaka 2, na kwa kawaida wote wawili hutakiwa kutia sahihi ombi la kuyaondoa masharti hayo. Uingereza, tangu Aprili 2024, anayemleta mwenzi wake kwa kawaida hutakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 za awali. Kazi ya mmoja ndiyo makao ya mwingine. Na hapa kwetu tumeona sheria ikisema mume angali hai. Maneno hayo matatu ni mazito kwa mwanamke ambaye mumewe kila mwaka husema watalishughulikia suala hilo baada ya mavuno.

Katika nyumba kama hiyo ugomvi wa chumvi hauishi kwenye chumvi. Mmoja anaweza kusema, "Nitakurudisha kwenu," au, "Sitatia sahihi," na mwingine hana sentensi ya uzito huo. Wakati mwingine anayesema hivyo ni mke, na mume ndiye mtegemezi. Aibu yake huweza kugeuka kimya, na kimya kikageuka ngumi. Marekani ilipopitisha sheria yake ya mwaka 1994 juu ya ukatili dhidi ya wanawake, ilibidi iweke njia ya mwenzi anayeteswa kujiombea mwenyewe bila kupitia mkono wa mtesaji. Wabunge waliona jambo ambalo makanisa mengi yalikuwa yakiliona kila juma.

Soma Kumbukumbu la Torati 21:10-14. Mwanamke huyu alikuwa na nani wa kumtetea? Mungu alimwekea mume mipaka gani?

Ni fungu gumu, la nyakati za vita, na tusijifanye kwamba halitusumbui. Mwanamke ametekwa, hana baba wala kaka wa kusema kwa ajili yake, hana nchi. Mume ana kila kitu. Lakini torati inamwamuru ampe mwezi mzima wa kuwalilia wazazi wake. Na ikiwa baadaye hapendezwi naye, amwache aende atakako, asimwuze kwa fedha wala asimtumie kama chombo. Nguvu zote ziko upande mmoja, na Mungu anaufunga upande huohuo. Malaki naye anamwonyesha Bwana akisimama kama shahidi kati ya mume na mke wa ujana wake, shahidi dhidi ya mume aliyevunja uaminifu (Mal. 2:14). Mtu huyo alikuwa akileta sadaka na kulia madhabahuni, akishangaa kwa nini haipokelewi.

Huenda mmoja darasani akataja Ezra 10, ambapo wake wa kigeni waliachwa pamoja na watoto. Shida iliyoelezwa pale ni ibada za machukizo (Ezra 9:1, 2), na Ruthu ni ushahidi kwamba ugeni peke yake haukuwa kosa. Zaidi ya hapo fungu halituambii wanawake wale walikwenda wapi, na asiwepo wa kulitumia kumtishia mkewe.

Paulo anasema kwamba mume ampende mke kama Kristo alivyolipenda kanisa, na kwamba kila mtu huulisha na kuutunza mwili wake mwenyewe (Efe. 5:25-29). Katika nyumba yenye faili la uhamiaji, kulisha na kutunza kuna sura inayoonekana. Pasipoti ya mke inakaa mikononi mwa mke. Anajua namba ya ombi lake na tarehe ya pasi yake kwisha, na halazimiki kuziomba kwa unyenyekevu. Ada inatengwa mapema, kama ada ya shule ya mtoto inavyotengwa. Mume anakwenda naye ofisini, anakaa naye kwenye benchi, haondoki kwa kisingizio cha kazi. Anamsaidia kujifunza lugha hata kama kwa sababu hiyo siku moja atabishana naye vizuri zaidi. Na kuna sentensi ambazo hazisemwi kamwe nyumbani humo, hata kwa mzaha, hata baada ya kuomba msamaha kwa mengine. Mwenye karatasi anafanya kazi hii yote ili siku moja mwenzake asimhitaji tena kwa ajili ya karatasi. Siku hiyo mwenzake atabaki kwa sababu nyingine, au hatabaki. Na mtu anayeogopa kuifikia siku hiyo amekwisha kujua jambo fulani juu ya ndoa yake.

Kwa mjadala wa Sabato, darasa lichukue hali hii. Dada mmoja wa Kenya, mke wa mshiriki anayependwa na kanisa zima, amekuja kwa mzee wa kanisa. Ana watoto wawili. Pasi yake inakwisha baada ya miezi miwili. Anasema mumewe humpiga, na kwamba yuko tayari kuendelea na ombi lake la uraia ikiwa tu atanyamaza mbele ya baraza la kanisa. Mume anatoa zaka kwa uaminifu na ni kiongozi wa kwaya. Baadhi ya wazee wanashauri jambo lingoje kwanza makaratasi yatoke, kwa faida ya dada mwenyewe. Someni Kumbukumbu la Torati 10:17-19, kisha mjibu kwa majina: katika kanisa lenu, ni nani atakayekwenda naye Uhamiaji Jumatatu asubuhi, na yeye na watoto watalala nyumbani kwa nani usiku wa leo?